DR650 au CRF250L: nichukue ipi?

Msafiri_Rongai: Habari wakuu. Nimepata pikipiki mbili za mkono wa pili hapa Nairobi, Suzuki DR650 na Honda CRF250L. Zote ziko fiti kwa macho. Mwenye DR anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nichukue ipi?

FundiGrogan: Bajeti? Urefu wako? Ya kazini au ya vumbi la Magadi? Zimetembea kilomita ngapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

VumbiTupu: DR, maswali ya nini? Inapozwa kwa hewa na oili, haina rejeta ya kutobolewa na mawe, na kabureta yake fundi yeyote anaifungua. CRF ni injekta, mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme. Pampu ya mafuta ikifia porini Suswa, utasukuma.

MamaKokoto: Vumbi, wewe hata mtu akiulizia baiskeli utamwambia DR. Ile ina kilo zaidi ya 160. Ikilala kwenye mchanga na uko peke yako, utaiinua na nani? Ubaya wa CRF ni tangi, halifiki hata lita 8.

Msafiri_Rongai: Mimi ni futi tano na inchi nne. Kazi Westlands, wikendi vumbi.

MamaKokoto: Na kiti cha DR ni karibu sentimita 89! Kwenye foleni ya Waiyaki Way utasimamia ncha za vidole.

VumbiTupu: Kinashushwa.

Ole_Kitengela: Acheni kiti, aangalie karatasi kwanza. Mimi nilinunua Yamaha DT175, rangi mpya, inawaka kwa kiki moja. Logbook (hati ya umiliki) ipo, jina ni la muuzaji, nikalipa zote. Kuanza kuhamisha umiliki, namba ya injini si ile ya kwenye logbook. Nampigia, ananiambia eti ilibadilishwa na mwenye wa kwanza. Kesho yake simu imezimwa. Oili nayo ikaanza kudondoka. Kumbe kifuniko cha klachi kilikuwa na ufa, kimezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu. Piga tochi pale chini, kwaruza kwa ukucha. Na ulipie ripoti ya usajili wa pikipiki kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi.

FundiGrogan: DT ni stroki mbili, inachoma oili pamoja na petroli. Oili unachanganya kwenye tangi?

Ole_Kitengela: Ina pampu yake.

FundiGrogan: Pampu ya zamani hivyo siiamini. Ikikwama, pistoni imeenda.

VumbiTupu: Zimeenda ngapi kweli? Pampu za Yamaha ni ngumu, watu ndio hawajazi oili.

Msafiri_Rongai: Wakuu, Ijumaa...

MamaKokoto: Bajeti hujasema bado.

VumbiTupu: Ole, hiyo DT bado unayo? Nitumie picha.