Naomba ushauri: boksi la usukani la van kwenye hot rod yangu

Wakuu, habari za kazi. Niko Uingereza, najenga hot rod (gari la zamani lililofanyiwa marekebisho) kwenye gereji ya nyumbani kwa kutumia Ford Popular ya 1955. Ekseli ya mbele ni ile ile ya asili, ya chuma kimoja na springi moja iliyolala kukingama kutoka upande hadi upande. Boksi la usukani, lile la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata matairi, lilikuwa limechoka kabisa, nikachukua la van kutoka kwa wauza vyuma chakavu.

Nafasi ya nje ya chesisi ikanibana, nikaligeuza na kulifunga upande wa ndani. Jumapili nikanyanyua gari kwa jeki, nikakata kulia: matairi yakaenda kushoto! Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Nimeelewa kosa, kwamba kuligeuza boksi kumegeuza na mwendo wa mkono wake, yaani kile chuma kinachotoka kwenye boksi na kusukuma fimbo inayokwenda kwenye gurudumu. Nikiuelekeza mkono juu badala ya chini, mwelekeo unakaa sawa, lakini unagusa bomba la ekzosi. Jirani anasema niupashe moto niupinde. Hapo sikubali. Chuma kile kimefuliwa na kufanywa kigumu kwa moto, na ukikatika barabarani hakuna cha kushika.

Je, nihamishe bomba, au nielekeze fimbo ile inayotoka kwenye mkono kwenye gurudumu la upande wa pili? Ninachohofia ni gari kukata kona lenyewe springi ikibonyea kwenye shimo. Mlioshawahi kufanya kazi hii, urefu na ulalo wa fimbo mliupimaje? Hata picha itanisaidia.