Toyota IST inagonga asubuhi za baridi Njombe, Dar iko kimya kabisa

Tabata Kimanga
Wakuu, heshima kwenu. IST yangu yenye injini ya 2NZ, hapa Dar haina neno. Ikilala Njombe mwezi huu wa saba, asubuhi ukiwasha inagonga "ta-ta-ta-ta" kama sekunde tano, mkanda unapiga ukelele, na kwenye kila tuta chini kunalia "nyii". Jua likipanda yote yanapotea. Oili ni 20W-50. Fundi anataka kushusha injini. Nimkubalie?

Spana 14
Usikubali, mkuu. Kelele inayokata injini ikipata moto haishushi injini. Ya kuogopa ni ile inayozidi ikipata moto, hasa mlio mzito wa kugonga chini huku taa ya oili ikiwakawaka.

Anza na oili. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayoeleza oili itakavyotiririka kwenye baridi. Ya mwisho ni ya injini ikiwa ya moto. 20W-50 kwenye nyuzi 20 za asubuhi ya Dar inapanda vizuri tu. Njombe alfajiri ya Julai joto liko chini ya nyuzi 10, oili inakuwa asali, inachelewa kufika juu. Sasa, tenshona (kikazio) ya cheni ya ndani ya injini inasukumwa na presha ya oili. Presha ikichelewa, cheni inalegea na kujipiga. Hiyo ndiyo ta-ta-ta yako. Weka 5W-30, takribani lita 3.7 ukibadili na filta, umalizie kwa kijiti cha kupimia. "Dar joto, weka nzito" ni maneno ya kaunta.

Filta nayo usiidharau. Ndani ina kiraba kinachozuia oili isirudi kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) gari likilala. Kabla ya kulipa, kibonyeze kwa ncha ya kalamu kupitia vitundu vya pembeni. Kikiwa kigumu kama plastiki, mrudishie muuzaji. Filta hiyo itakuwa tupu kila asubuhi hata ukiweka oili ya dhahabu.

Bushi Mpya
Naongezea mkanda. Ukiwa unalia, nyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji, mikono na nguo mbali na puli. Kelele ikikata halafu ikarudi, puli haziko mstari mmoja au mkanda umekauka. Ikizidi, umelegea. Asubuhi ndiyo hulia zaidi kwa sababu alteneta inarudisha chaji iliyoliwa na stata, na raba yenyewe imekakamaa. Usipake sabuni wala grisi, utateleza kabisa.

"Nyii" ya matuta ni raba hiyohiyo, safari hii kwenye bushi, zile raba za viungo vya chini. Anza na za stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), ni rahisi kubadili. Kama bado hazijapasuka, paka grisi ya silikoni. Ile ya bearing inavimbisha raba.

Tabata Kimanga
Shukrani sana. Kuna kitu sikukisema: themostati (ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ilitolewa ili isichemshe kwenye foleni. Inahusika?

Spana 14
Hapo ungeanzia, mkuu! Bila themostati maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na kwa baridi ya Njombe injini inachukua muda mrefu mno kupata moto. Kompyuta ya injini inaona bado baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi na kushikilia sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) juu. Halafu pistoni ni ya alumini, ndani ya silinda kuna chuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kabla ya moto pistoni ina nafasi ya kupiga ukuta. Wewe unairefushia muda huo kila asubuhi, na petroli ya ziada inaosha oili ukutani.

Rudisha inayofunguka nyuzi 82. Ikichemsha tena kwenye foleni ya Dar, kagua feni kama inawaka, mfuniko wa rejeta kama unashika presha, na rejeta yenyewe kama haijaziba.