Disney Orlando siku mbili, na bibi mwenye magoti na mtoto mdogo: tupange vipi?

MamaWatatu_Ohio
Salaam ndugu zangu. Mama mkwe yuko hapa Marekani kutoka Tanga, na tumeamua wiki ya mwisho ya Julai tuteremke naye Florida. Watoto ni watatu: wa miaka 9, wa 6, na kitinda mimba anayetimiza 3 mwezi wa tisa. Mama magoti yanamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu. Baba watoto anataka tuzimalize bustani zote nne za michezo za Disney kwa siku mbili. Mimi naona tutauana. Waliokwenda, naomba mnishauri.

BabaShamte
Shemeji, mwambie bwana aache hiyo hesabu. Bustani moja kwa siku, basi. Magic Kingdom peke yake, ukishaegesha gari bado hujafika: unavuka maji kwa feri, kama Likoni vile, au unapanda treni ya juu. Kwenda na kurudi inakula muda mwingi.
Mmefanya vizuri kwenda Julai. Aliye chini ya miaka 3 halipiwi tiketi kabisa. Kuanzia 3 hadi 9 ni bei ya mtoto, akifika 10 ni mtu mzima. Kwa hiyo mdogo anaingia bure na mkubwa hajavuka. Mkiahirisha hadi mwakani mtalipa zaidi kwa wote wawili.

Mwanamvita
Wapime watoto kabla hamjaondoka, na wavae viatu watakavyovaa siku hiyo. Sisi yalitukuta kwenye bustani nyingine. Tulipanga foleni karibu saa nzima juani, tukafika mbele, mwanangu akasimama kwenye kibao cha kupimia, shingo kainyoosha mpaka mishipa imetoka. Kapungua upana wa kidole. Yule kijana wa mlangoni alisikitika, lakini sheria ni sheria. Kilio chake sitakisahau.
Space Mountain ya Magic Kingdom na Expedition Everest ya Animal Kingdom, zile treni za kasi, zote zinataka urefu wa inchi 44.

MamaWatatu_Ohio
Nimempima wa kati sasa hivi mlangoni. Inchi 43 na viatu 😢

Mwanamvita
Pole. Mwambie leo leo, akiwa nyumbani, asiende kulijua pale. Halafu mkifika kwenye mchezo wenye kipimo, mwombeni mfanyakazi wa mlangoni Rider Switch. Baba anapanda na mkubwa, wewe unabaki na wadogo, kisha mnapokezana bila wewe kupanga foleni upya. Mkubwa anaweza hata kupanda mara ya pili na wewe.

Kijana_wa_Pangani
Animal Kingdom mngeiacha. Mtu katoka Tanga, hifadhi za Saadani na Mkomazi ziko kwao, mnampeleka kuona twiga Florida?

Bi_Maua
Mwanangu, hapo sikubaliani nawe. Ile bustani ilifunguliwa 1998, na ndani yake kuna mji wa kubuni unaoitwa Harambe, walioujenga kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa. Kuta zimechubuliwa makusudi, vibao vya Kiswahili kila kona. Nilimpeleka mama yangu. Alikaa kivulini akawa anasoma yale maandishi kwa sauti, pole pole, kidole kinafuata herufi. Wanangu ambao nyumbani ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, siku ile walikuwa wanamvuta kanga: "Bibi, na hili linasemaje?" Kwangu mimi tiketi ilishalipa pale.
Sasa ya kuangalia. Kilimanjaro Safaris, ile ziara ya gari ya kuona wanyama, nendeni asubuhi bustani inapofunguliwa, wanyama wanakuwa macho na foleni ni fupi. Gari linarusharusha, kama mama ana mgongo pia, fikirini kwanza. Na msingoje magoti yakatae ndipo mtafute kiti cha magurudumu. Kodini asubuhi pale getini, vinaweza kuisha.

DerevaWaMalori
Chakula bebeni. Wanaruhusu, ila chupa za kioo hapana, na barafu ya kumwaga hapana, tumieni zile pakiti za kugandisha. Sisi tulikwenda na chapati, mayai ya kuchemsha na mahamri. Maji ya baridi ombeni kwenye migahawa ya kujihudumia, wanatoa bure kwa kikombe.
Julai mvua ya mchana ni kama imeandikiwa. Radi ikikaribia, michezo ya nje inasimamishwa. Saa nane mrudisheni bibi na mdogo hotelini walale, jioni mrudi. Na soksi za kubadilisha, tafadhali, miguu ikilowa siku imekwisha.

MamaWatatu_Ohio
Mungu awabariki. Bwana kakubali: siku ya kwanza Animal Kingdom, ya pili Magic Kingdom. Wa kati nimeshamwambia, kalia kidogo kanyamaza. Swali la mwisho: kigari cha mtoto nije nacho au nikodi?

Bi_Maua
Njoo nacho. Kisizidi upana wa inchi 31 na urefu wa 52, na vile vya kukokota kama rukwama hawavitaki. Kifunge kipande cha kanga kwenye mshikio. Vinaegeshwa vingi pamoja na wafanyakazi huvisogeza, ukitoka hukikuti ulipokiacha.