Kuweka tenzi za kale na ramani mtandaoni ziweze kukuzwa mpaka nukta: tuanzie wapi?

Mhifadhi_Visiwani
Salaam wadau. Tuna kurasa 320 za tenzi kwa hati za Kiarabu, nyingi za sm 30 × 21, wino mweusi na mwekundu, pamoja na ramani moja ya mita 1 kwa sm 70. Msomaji aliye mbali aweze kukuza picha mpaka aone nukta na irabu, bila kumaliza bando. JPEG nzima ya ramani haifunguki kwenye simu; tukiipunguza inafunguka, lakini maandishi hayasomeki. Kamera ni ya pikseli 6000 × 4000. Seva ni ya kukodi, ya bei nafuu, haturuhusiwi kusakinisha programu.

Taa_Mbili
Wa alaikum salaam. Kabla ya kufikiria tovuti, pigeni hesabu ya nukta. Chukulia nukta ya upana wa nusu milimita. Kwa pikseli 400 kwa inchi inapata pikseli 8, na kingo zake zinaonekana. Kwa 150 inapata 3 tu: nukta mbili za herufi qafu zinashikana, na msomaji anasoma herufi fe. Kisichochukuliwa na kamera hakirudi, hata ukuze vipi.

Kwa kurasa, fremu ichukue sm 36 × 24. Mtapata zaidi ya 420 kwa inchi, na nafasi ya kuweka rula na kadi ya rangi pembeni. Taa mbili, kila moja nyuzi 45. Kilichoshonwa kisilazimishwe kulala bapa chini ya kioo, mshono utakatika. Marufaa yenye mto inatosha, mpige upande mmoja kisha wa pili.

Ramani kwa fremu moja itatoa karibu 145 tu. Ipigeni vipande 16, safu nne za picha nne, kila kimoja kikiingia juu ya jirani yake kwa karibu theluthi, kisha viunganishwe kwa Hugin, programu ya kuunga picha. Laza ramani kwenye ubao, usogeze ubao na kamera ibaki palepale. Mwanga, fokasi na mizani ya rangi vyote viwe vya mkono. Ukiiachia kamera ijiamulie, maungio yatatokea kama mabaka.

Kigae512
Sasa kukata. Ramani hiyo kwa 400 ni pikseli 15,748 × 11,024, yaani megabaiti 520 hivi kabla ya kubanwa. Ndiyo maana simu inashindwa. Inakatwa vigae, yaani vipande vidogo vya mraba, kwa ngazi, kila ngazi nusu ya iliyo chini yake, na kivinjari kinaita vile tu vinavyoonekana kwenye skrini. Ngazi zote za juu zinaongeza theluthi moja tu ya ukubwa.

Seva za bei nafuu huwa na kikomo cha idadi ya mafaili. Vigae vya pikseli 256 kila upande vitatoa 2,728 kwa ngazi ya chini peke yake. Vya 512 ni 682. Kwenye kompyuta yenu, kwa libvips, programu ya kuchakata picha:

`vips dzsave ramani.tif ramani --layout iiif3 --tile-size 512`

Pandisheni zip moja, muifungulie kwenye seva. Mkipandisha faili mojamoja na mtandao ukakatika, picha itabaki na mashimo. Kuonyesha, tumieni OpenSeadragon, kitazama-picha cha kukuza: ni faili la JavaScript tu, halisakinishwi. Nimechagua mpangilio wa IIIF, kanuni ya pamoja ya maktaba ya kuweka picha mtandaoni, makusudi: maktaba nyingine yenye nakala ya utenzi uleule itaweza kuziweka picha zenu ubavuni mwa zake.

Mhifadhi_Visiwani
Ahsanteni sana. Kurasa 10 za majaribio zimekatika vizuri, ila ukurasa wa tovuti unabaki mtupu. Tukifungua kigae kimojakimoja, alama nyekundu za kutenganisha vipande vya beti zina ukungu, na karatasi imepauka.

Kigae512
Utupu: fungua info.json, faili ya maelezo iliyomo kwenye folda ya kila picha, tazama mstari wa id. Usipoiambia vips, inaandika example.com, na kivinjari kinakwenda kutafuta vigae huko. Ongeza `--id` yenye anwani ya folda mama; jina la picha inaliongeza yenyewe. Kama tovuti ni https, anwani nayo iwe https.

Wekundu: JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Mweusi hausumbuki, ila mstari mwembamba wa wino mwekundu unasambaa. Kuanzia ubora wa 90 vips inaacha kupunguza rangi, kwa hiyo ongeza `--suffix '.jpg[Q=90]'`, na alama za kunukuu zisisahaulike. Mafaili yatanenepa. Kwa tenzi za wino wa rangi mbili, kubalini unene huo.

Kupauka: yaelekea kamera ilihifadhi kwa Adobe RGB, na vigae vimepoteza wasifu wa rangi, yaani maelezo yanayokiambia kivinjari rangi zisomwe vipi. Geuza kwanza iwe sRGB, rangi za kawaida za mtandaoni, ndipo ukate:

`vips icc_transform ukurasa.tif ukurasa-srgb.tif srgb`

TIFF ya asili msiiguse. Hiyo ndiyo ya kutunza, vigae hukatwa upya wakati wowote.

Taa_Mbili
Nyongeza. Mkiziunganisha kurasa kwa manifesti, faili ya IIIF inayoorodhesha kurasa kwa mpangilio, ili zisomwe kwenye Mirador, kitazamaji cha hati, andikeni `"viewingDirection": "right-to-left"`, la sivyo kurasa zitapangwa kushoto kwenda kulia, kinyume cha hati yenyewe. Na majina ya mafolda yafuate namba ya hati na ukurasa, mfano 014_003a, tangu siku ya kwanza. Watafiti watanukuu anwani hizo. Mkibadilisha majina baadaye, kila rejea iliyokwisha kuandikwa itakufa.