Fidla ya marehemu babu ina karatasi ya "Stradivarius 1721" ndani, naomba msaada kujua asili yake

MjukuuWaWete

Assalaam aleikum ndugu zangu. Babu yangu mzaa baba ametangulia mbele ya haki mwezi wa Rajabu, na katika vitu vyake mimi nimepewa fidla. Babu alipiga taarabu tangu ujana wake Wete, baadaye akahamia mjini Unguja, na sote tuliozaliwa nyuma yake tumemkuta nayo. Alikoipata hakuna aliyebaki anayejua. Shangazi anasema aliinunua dukani Darajani, ami anasema aliachiwa na baharia.

Nimemulika tochi ya simu kwenye tundu la kushoto nikaona karatasi imebandikwa ndani, upande mmoja imeliwa na wadudu. Imeandikwa: Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721. Chini yake palikuwa na maandishi madogo, yaliyobaki ni herufi "many" tu.

Sasa yupo mfanyabiashara wa vitu vya kale, amefika bei ya laki tatu na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ami anasema niuze tugawane. Moyo wangu haujakubali, ila nataka kwanza nijue nimeshika nini. Nyuzi zimebaki mbili, kifuani pana ufa wa urefu wa kidole, na singa za upinde zimekatika karibu zote. Niipige msasa na vanishi mpya kabla ya kuipiga picha?

Mzalendo_Temeke

Pole kwa msiba mkuu. Usiuze! Kuna Stradivarius, yaani fidla ya fundi mashuhuri Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, ya mwaka huohuo 1721, wanaiita Lady Blunt, iliuzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9, fedha zikaenda kusaidia waliopatwa na tetemeko la Japani. Huyo jamaa wa laki tatu anajua anachokitafuta.

FundiSeremala_Tanga

Mjukuu, pole sana. La kwanza kabisa: msasa weka chini, na vanishi usiiguse. Ukikwangua rangi ya zamani umefuta nusu ya ushahidi wa ilikotengenezwa, na hairudi. Ufa nao usiutie gundi ya kukauka haraka ya kwenye vichupa. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama ili fundi aweze kuifungua kwa maji ya moto na kisu chembamba. Ukitia hizi za kisasa, siku ya kufunguliwa mbao inapasuka.

La pili, Mzalendo nakuheshimu, lakini karatasi ile si cheti. Stradivari alikufa Cremona mwaka 1737 na zilizobaki za mkono wake ni kama 650 kwa jumla. Fidla zenye karatasi ya jina lake ni nyingi mno, maana viwanda vya Ujerumani, Bohemia (leo ni Czech) na Ufaransa vilizibandika kuonyesha kwamba umbo limefuatwa la Stradivari. Siku zile mnunuzi alilielewa hilo. Sisi wajukuu ndio tunaoshtuka.

Hiyo "many" ndiyo ninayoitazama mimi. Naona ni mkia wa "Germany".

Mswahili_wa_Leipzig

Fundi kasema kweli. Mimi naishi Saxony, Ujerumani, na mji wa Markneukirchen hauko mbali sana na hapa, una jumba zima la makumbusho ya ala za muziki. Mafundi wa fidla waliunda chama chao pale mwaka 1677, wengi wao wakimbizi wa dini kutoka Bohemia. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kazi ilikuwa imegawanywa majumbani: nyumba hii inachonga vichwa tu, ile inachonga migongo, nyingine shingo, kisha mfanyabiashara anakusanya vipande, vinaunganishwa, vinapakwa rangi na kupakiwa kwenye makasha. Ng'ambo ya mpaka pana Schönbach, leo inaitwa Luby nchini Czech, nao wakifanya vilevile. Vipande vilivuka mpaka huku na huku, kwa hiyo hata wataalamu hupata tabu kuzitenganisha za miji hii miwili.

Maandishi ya nchi yanasaidia kukisia umri. Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na Marekani mwaka 1890 ikadai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo kama kweli ni "Germany" na imechapwa pamoja na karatasi, fidla yako kwa uwezekano mkubwa ni ya baada ya miaka hiyo. Ingeandikwa "Czechoslovakia" tungejua ni baada ya 1918, kwa sababu kabla ya hapo nchi hiyo haikuwepo. Ila fidla isiyo na jina la nchi usidhani ndiyo kongwe zaidi. Si zote zilizopelekwa Marekani, na karatasi hubanduka.

MjukuuWaWete

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno. Basi niangalie nini kwenye mbao zenyewe, mbali na karatasi?

FundiSeremala_Tanga

Fanya hivi mchana, dirishani. Tazama ule mstari mweusi unaofuata ukingo wa kifua na mgongo. Kwenye fidla nzuri ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa kwenye mfereji, na huzuia ufa wa ukingoni usiingie ndani. Kwenye za bei nafuu mara nyingine ni wino tu. Ukiona mstari umefifia pale palipoguswa sana na mkono, umechorwa.

Kisha geuza kichwa, kile kilichosokotwa kama konokono, ukitazame kwa nyuma. Pana mifereji miwili sambamba inashuka. Fundi wa Cremona huifuatisha mpaka ndani kabisa chini ya koo la sanduku la vigingi. Wachongaji wa Markneukirchen na Schönbach waliolipwa kwa idadi ya vichwa, mara nyingi waliikatiza mapema.

Halafu ingiza kioo kidogo cha meno kupitia tundu, utazame tumbo la kile kifua. Chini ya uzi mnene hupita mti mrefu. Ukiwa umegundishwa kama kipande cha peke yake, vizuri. Ukiwa umechongwa palepale kutoka mbao ileile ya kifua, hiyo ni kazi ya haraka ya viwanda vile. Tazama na pembe nne za ndani kama zina vigogo vya kushikilia au ni tupu.

Mwisho, ule ubao mweusi wa vidole. Paka mafuta kidogo upande wa chini. Za bei ya chini zilikuwa mbao nyeupe iliyotiwa rangi nyeusi, na katikati hulika ikaonekana weupe.

Binti_Kibokoni_MSA

Pole kaka kwa msiba. Mimi nitaongezea upande mwingine, kwa sababu naona mnatafuta ilikozaliwa tu na ilikolelewa mmepaacha. Marehemu baba yangu alikuwa mpigaji pia. Kilabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa imeanzishwa Unguja mwaka 1905, na hao wazee wetu walizipata fidla za Ulaya wakazipiga Kimisri. Babu yako alizikaza vipi nyuzi? Wazungu hukaza kwa noti G D A E, kuanzia uzi mnene. Wapigaji wengi wa Kiarabu hukaza G D G D, na mkono ukizoea hivyo, vidole hupita pengine. Tazama ubao wa vidole umelika wapi. Tazama na kidevu kimeegemea upande gani. Hayo ni ya babu yako, si ya Ujerumani.

MjukuuWaWete

Nimekaa nayo tangu baada ya Alasiri, sasa ni usiku. Nawaambia nilivyoona.

Mstari wa ukingoni umechorwa kwa wino, pale kwenye bega umefutika. Mifereji ya kichwa inakatika njiani. Mti wa ndani umechongwa palepale, pembe zote nne ni tupu. Kwa hiyo fundi umenipa jibu, na sina huzuni.

Ubao wa vidole lakini si wa rangi. Nimepaka mafuta, ni mweusi mpaka ndani na una mistari ya kahawia, nami nimekulia kwa wachonga vinyago, nadhani ni mpingo wa kwetu. Ina maana ule wa mwanzo ulikwisha, mtu akatengeneza mwingine hapahapa. Umelika chini ya uzi wa pili, vishimo vitatu, kidole changu kinakaa ndani yake sawasawa.

Na jambo jingine. Ule ufa una kiraka kwa ndani. Nilidhani ni kitambaa. Nimepiga picha kwa kioo nikaigeuza kwenye simu: ni karatasi ya daftari, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili. Shangazi ameisoma kwa shida. Ni hesabu ya karafuu, "frasila mbili na ratili", kisha jina lisilosomeka, halafu "baki". Shangazi amelia. Anasema daftari za namna hiyo alikuwa akiziandika babu wa babu kule Pemba.

Mswahili_wa_Leipzig

Subhanallah. Basi nakuomba kitu kimoja. Siku ukimpelekea fundi kuziba ufa, mwambie mapema kiraka hicho kisibanduliwe wala kisitiwe maji ya moto. Yapo mambo ya kufanya juu yake bila kukiondoa. Na kwa bei, usitarajie mamilioni. Fidla za namna hii Ulaya huuzwa kila siku.

FundiSeremala_Tanga

Naunga mkono. Pia legeza hizo nyuzi mbili kidogo, usizitoe zote kwa mara moja, maana ndani pana kijiti kilichosimama bila gundi kati ya kifua na mgongo, nguvu ya nyuzi ndiyo inayokishika. Kikianguka ni kazi ya fundi kukirudisha. Iweke mbali na jua na dirisha la baharini.

Binti_Kibokoni_MSA

Na huyo wa Ijumaa umemjibu?

MjukuuWaWete

Nimemjibu leo Magharibi kwamba haiuzwi. Ami nimempelekea picha ya ile karatasi. Hajaandika neno, ila amepiga simu kwa shangazi kuuliza kama zile nyuzi za babu zilizokuwa kwenye kopo la biskuti bado zipo.