Fonti moja, saizi moja, laptopu moja, kila programu inachora herufi kivyake. Nshachoka na hii Linux

Salaam wadau. Leo sikuja kwa upole, nawaambia mapema. Nna miaka sita natumia Linux kwenye kazi yangu ya kutaipu na kutengeneza kadi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kwa hivyo asije mtu hapa akaniambia nirudi Windows. Sirudi. Naipenda hii kitu na imenilisha, ndo maana nna hasira nayo.

Shida ni herufi. Nikifungua programu tatu naona sura tatu. Kwenye brauza zimenona na ukizisogelea kingo zake zina wekundu na ubuluu, kwenye dirisha la setingi zimefifia utadhani kalamu inaisha wino, kwenye programu ya hesabu za duka zina meno ya msumeno. Na kote nimeweka DejaVu Sans 11, nimehakikisha si mara moja.

Hilo ningelivumilia, nimelivumilia miaka. Kilichonifikisha hapa ni kadi.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniletea kazi ya kadi za harusi ya bintiye, mia mbili, akataka juu kabisa paandikwe chanda chema huvikwa pete kwa khati, vile babake marehemu alivyokuwa akiandika barua zake. Yaani Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wanaojua khati washaona tatizo liko wapi: maneno manne tu lakini ndani yake mna che mbili, ve moja na pe moja, چ na ڤ na پ, ambazo kwenye alifu-be-te ya Kiarabu chenyewe hazimo. Nkaandika kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia, ikatoka safi, mama akaja akaiona kwenye skrini akafurahi mpaka akapiga picha kwa simu. Nkaihamisha kwenye programu ya kuchora nipange maua na mipaka, pale maandishi yalikuwa madogo na mimi nshamaliza kuyakagua huku kwengine, nkapeleka kuchapisha.

Zilipotoka, herufi zote ni naskhi, ule mwandiko wa kawaida wa vitabu, imetulia vizuri isipokuwa hizo nne, zimelala upande na kushuka chini kwa mtindo wa nastaliki, mwandiko wa mshazari wa Kiurdu, nene kuliko wenzake, na hazikushikana na jirani zake. Chanda, che iko peke yake, halafu mwanya, halafu hayo mengine. Mama aliishika ile kadi akaigeuza kwenye mwangaza akaniuliza, "Mwanangu, hii nani ataisoma?" Nkamwambia, "Mama niwie radhi, nazirudia zote." Nkazirudia, karatasi nkanunua tena kwa pesa yangu, na harusi ilikuwa imebaki siku nne. Hakunipigia kelele hata kidogo, na hilo ndilo liloniuma zaidi.

Sasa wiki mbili hizi nachimba, na nlichokikuta ndicho kimenipandisha hasira zaidi kuliko kile kisa chenyewe.

Ile fonti ya Kiarabu nloitumia haina hizo herufi tatu. Sawa, hilo kosa langu, ilikuwa nikague kwanza. Lakini fonti ikikosa herufi, fontconfig, ile zana ya Linux ya kuchagua fonti, ndo inatafuta fonti nyengine ya kuziba pengo, na inatafuta kwa orodha iliyopangwa na mafaili chungu nzima yaliyo kwenye /etc/fonts/conf.d, kila faili na namba yake, ukiongeza pakiti ya fonti leo foleni inaweza kubadilika bila kuambiwa chochote. Na si lazima kila programu iifuate ile foleni kwa namna moja. LibreOffice iliziba pengo kwa fonti ya naskhi inayofanana na ile yangu, ile programu ya kuchora ikachukua Noto Nastaliq Urdu. Kompyuta ile ile, dakika ile ile! Na hakuna hata moja ilonambia "hii herufi sinayo nakuwekea ya mwengine". Zimebadilisha kimya kimya. Mbona fundi wa nguo akikosa kitambaa chako anakupigia simu?

Kwa anaefanya khati, kabla hujaandika neno uliza hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

fc-list :charset=6a4 family

Hio 6a4 ni ve, kisha rudia na 686 ya che na 67e ya pe. Fonti ambayo haitokei kwenye zote tatu usiiguse kwa Kiswahili. Amiri inazo zote, na ndo nlorudia nayo zile kadi. Na PDF kabla haijatoka mkononi mwako ipige amri ya pdffonts uone majina ya fonti zote zilizoingia ndani, ukiona jina ambalo hukuliweka wewe ujue kuna mgeni. Lau ningefanya hivo siku ile ningemuona huyo Nastaliq pale pale.

Haya, hayo ni ya fonti gani inachaguliwa. Kuna ya namna inavochorwa, na hapa ndo pameoza.

FreeType ndo mchoraji, karibu programu zote zinamtumia huyo huyo. Lakini kila programu inampa maagizo yake! Apu zilizojengwa kwa zana za GTK zinasoma setingi za desktop ya GNOME. Zilizojengwa kwa Qt zinasoma kwengine. Ile programu yangu ya hesabu imeandikwa kwa lugha ya Java, Java haijali umeweka nini, mpaka uianzishe na -Dawt.useSystemAAFontSettings=on ndo meno ya msumeno yanaondoka, na mimi miaka yote hiyo nadhani monita yangu mbovu. Apu za Flatpak, yaani zinazokuja kama vifurushi, ziko ndani ya kasha lao, fonti zako zinaziona lakini faili lako la ~/.config/fontconfig/fonts.conf hazilisomi mpaka uziruhusu kwa mkono. Kwa hivyo unakaa usiku mzima unapanga hilo faili, hintingi (kuzinyoosha herufi zikae juu ya pikseli) hivi, kingo hivi, unafungua apu hii unaona raha, unafungua ya pili ni kama hukufanya kitu.

Na GTK4, ilotoka Desemba 2020, imeacha kabisa ile njia ya kuchora kwa kutumia vile vipande vitatu vya kila pikseli, chekundu kijani na buluu. Inachora kwa kijivu tu. Brauza yangu bado inatumia vipande vitatu. Ndo maana dirisha moja lina rangi kingoni na la jirani limefifia, na hilo la GTK4 hata ukibonyeza kitufe gani halirudi kwenye vipande vitatu. Sababu yao naielewa, skrini za siku hizi zina pikseli nyingi na dirisha likizungushwa au likichanganywa na picha ile njia inaleta shida. Lakini skrini za nani? Mimi monita yangu ni inchi 24 ya 1920 kwa 1080, hizo ni kama pikseli 92 kwa inchi, na hapa mtaani kila duka la kutaipu lina monita ya aina hio au chini ya hapo. Laptopu yangu ni ex-UK ya inchi 14, pikseli hizo hizo 1920 kwa 1080, yaani kama 157 kwa inchi. Nikiziweka pamoja inabidi laptopu niikuze asilimia 125, na nikishakuza, zile apu za zamani (za X11, mfumo wa kale wa madirisha) zinazopitia daraja la XWayland kuingia kwenye mfumo mpya wa Wayland zinachorwa ndogo kisha zinavutwa kama picha, maandishi yote ukungu. Mchana mzima unasoma ukungu, jioni kichwa kinagonga.

Zamani tukilalamika tulikuwa tunaambiwa ni hati miliki, mikono imefungwa. Haya, hati za Apple za hintingi ya TrueType ziliisha 2010. Za Microsoft za ClearType, yaani ile njia ya vipande vitatu, ziliisha 2019. Sasa nani amewafunga mikono?

Na nyinyi wajibu maswali, nawaambia kwa heshima lakini nawaambia. Kila mtu akiuliza fonti jibu ni "piga fc-cache -fv". Hio inasoma upya orodha ya fonti ulizonazo, basi. Haibadilishi uchoraji, haibadilishi foleni. Mtu ameshaiona fonti yake kwenye menyu wewe bado unamwambia fc-cache. Mwengine atakuja na faili la fonts.conf la mwaka arubaini na saba lina hintfull (hintingi ya mwisho kabisa) na ma-Xft (setingi za zamani za herufi) ndani yake, bandika hii, mtu anabandika, herufi zinakuwa nyembamba na zimekakamaa, halafu aliyetoa dawa hayupo tena. Na wale wa "fonti ni ladha ya mtu tu". Ladha? Kijana aliniletea CV yake nimrekebishie, anaomba kazi bandarini, imeandikwa na Calibri, mimi siku hizo sina Carlito, ikawekwa fonti pana zaidi, kurasa mbili zikawa tatu na ya tatu ina mstari mmoja wa simu ya mdhamini. Hio ni ladha? Carlito vipimo vyake ni sawa na Calibri, kila herufi upana ule ule, Liberation ni sawa na Arial na Times New Roman na Courier New, na Caladea ni sawa na Cambria. Hivi vitu vipo, ni bure. Kwa nini distro yangu, yaani hii Linux nloiweka, inakuja na zana za kuandikia programu nisizozijua halafu Carlito nijitafutie mwenyewe?

Ninachotaka si kikubwa. Pahali pamoja pa kusema "nataka herufi zangu hivi" na kila programu isikie. Na nikikosa herufi niambiwe nimekosa.

NYONGEZA, saa nne usiku: wawili wamenitumia ujumbe pembeni, shukran. Flatpak imekubali kwa hii:

flatpak override --user --filesystem=xdg-config/fontconfig:ro

Nimezima na kuwasha, apu mbili kati ya tatu sasa zinafuata faili langu. Nastaliq nimeiondoa kabisa, sina kazi ya Kiurdu, na amri ya fc-match sans:lang=ar (inaonyesha fonti itakayochaguliwa kwa Kiarabu) sasa inaleta naskhi. Ukungu wa 125 bado uko pale pale. Nimejaribu kurudisha asilimia 100 na kukuza maandishi peke yake kwa text-scaling-factor ya 1.25, apu za GTK zimetulia kwenye laptopu lakini nikichomeka monita maandishi yanakuwa majitu kule, kwa sababu hio setingi haijui skrini moja na nyengine.

Kwa hivyo mwenye skrini mbili zisizolingana kama mimi na ameiweza, aniambie anatumia desktop gani, Wayland au X11, na anaweka asilimia ngapi wapi. Aweke na picha, ya herufi zilizovutwa karibu zionekane kingo. Na akiwa huku kisiwani nitamfuata mwenyewe na laptopu yangu, hata akiwa Likoni navuka feri.