Eti "zima simu yako, unawajazia wenzako mtandao"! Mimi?!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule fundi wa mitandao mnamjua, huyo huyo, funguo kiunoni utadhani askari magereza. Ukumbi umejaa mpaka ngazini, waifai imekata roho, jamaa kaja moja kwa moja kwangu, kidole juu: "Zima simu yako, unawajazia wenzako mtandao."

Simu yangu! Moja! Ukumbi mzima wana simu na laptopu, muuaji ni mimi!

Na huyu ndiye aliyepachika ruta dari zima, ZOTE chaneli 6, yaani njia moja ile ile ya hewani. Kwenye 2.4 GHz, mojawapo ya bendi za mawimbi ya waifai, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, yeye kaona 6 ndiyo yenye baraka. Ruta za chaneli moja zinangojana zamu: moja ikisema, nyingine kimya. Tukilalamika anaongeza ruta, foleni inarefuka. Halafu nguvu kapandisha hadi mwisho, kwa hiyo simu inang'ang'ania ruta ya kule koridoni wakati iliyo juu ya utosi wako haina mtu. Alama zimejaa, ujumbe hautoki ng'o.

"Zima simu yako." Mbele za watu! Dada wa pembeni akahamisha kiti.

Siti ya Mbele: Nimeshakaa. Endelea.

Bwana Antena: Mkuu, simu yenyewe ya mwaka gani? Kifaa cha kasi ndogo kinashikilia hewa muda mrefu, wengine wote wanangoja. Jamaa ana hoja 😂

Mleta uzi: Inashika 5 GHz, ile bendi nyingine ya waifai, vizuri tu! Fundi ndiye kaizima bendi hiyo kwenye ruta, eti haipenyi ukuta. Si ndiyo raha yake kwenye umati, kila chumba kibaki na mawimbi yake? Kidole wakuu, KIDOLE kabisa!

Mzee wa Kebo: Vuteni waya muache kelele.

Kiraka: Huyo wenu malaika. Wetu kaweka kikomo cha watu kwa kila ruta, ukichelewa unafungiwa nje. Nafasi zimekaliwa na simu zilizolala mifukoni.

Mama Mkali: Kwetu kila idara ina jina lake la waifai. Kila jina linajitangaza kama mara 10 kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini kabisa, hata kama hakuna aliyeunganishwa. Hewa inaliwa na matangazo!

Siti ya Mbele: Dada wa kiti alirudi?

Mleta uzi: Hakurudi. Zima simu yako, anasema!

Kiraka: Mama Mkali, futeni hayo majina. Sisi tulibaki na mawili.

Mama Mkali: Kila mkuu wa idara analilia lake. Na printa nayo ina lake.

Mzee wa Kebo: Printa msiniambie. Yangu haijui 5 GHz, kila umeme ukirudi inasahau nywila.

Bwana Antena: Yangu inachapa ukurasa mtupu kwanza. Mwenye dawa tafadhali.

Kiraka: Printa gani hiyo mkuu, ya wino au ya unga?